Mfupa Hauchezi Ngoma

Siku mshauri wa programu alipofika chuoni na begi lake la magurudumu, Mama Nyaya alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama kwenye dari la ukumbi, akitafuta waya uliogugunwa na panya. Hakuna aliyemwalika kikaoni. Aliitwa tu ashuke aje kuwasha projekta.

Ndivyo alivyozoea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mitambo wa chuo kile cha utabibu: projekta, vipaza sauti, kengele ya mtihani, saa ya ukutani iliyokuwa ikikimbia kuliko muda wenyewe. Jina lake halisi lilibaki kwenye mafaili ya ofisi. Wanafunzi walimwita Mama Nyaya kwa sababu hapakupita siku bila waya kuning'inia shingoni mwake, na wageni wengine walidhani ni mkufu.

Chuo kilikuwa na tatizo moja kubwa. Vituo vya afya vya mbali vilikuwa vimepata mashine za eksirei, lakini wa kuzisoma picha zake walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Picha inatoka safi kabisa, halafu muuguzi na tabibu wanasimama kuitazama kama watu waliopokea barua ya lugha wasiyoijua. Mgonjwa anasafirishwa siku nzima kwenda hospitali kubwa, akifika anaambiwa hana lolote. Au kinyume chake, na hapo ndipo penye uchungu: anaambiwa arudi nyumbani akapumzike, kumbe mfupa una ufa, na miezi miwili baadaye mkono umepinda kama upinde.

Mtu wa kuwafundisha alikuwapo, ila alikuwa mmoja: mhadhiri mzee waliyemwita Daktari Kivuli, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akisoma vivuli vya mifupa. Darasa lake lilichukua watu kumi na wawili kwa mwaka, maana vituo havikuweza kuwaachia wengi zaidi. Sasa mkuu wa chuo, mwanamke wa maneno machache aliyening'iniza miwani kwa kamba kifuani, alikuwa ameamua kwamba somo liwafuate watu huko huko waliko. Daktari afundishe hapa, picha zionekane kwenye skrini ya kompyuta yake, na skrini hiyo inaswe na kurushwa mubashara kwenye simu na kompyuta za vituo vyote. Kilichobaki ni kuchagua programu ya kuifanya kazi hiyo.

Uchaguzi ulikabidhiwa kwa mkuu wa idara ya kompyuta, mwanamume nadhifu ambaye chuo kizima kilimwita Bwana Mfumo, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Mlango haufunguki? Mfumo. Matokeo yamechelewa? Mfumo. Chai imepoa? Watu waliapa kwamba siku moja alisema mfumo. Yeye ndiye aliyemleta mshauri.

Mama Nyaya aliwasha projekta, akaunganisha, kisha akabaki amesimama karibu na mlango kwa kuwa hakuna aliyemwambia atoke.

Mshauri alibonyeza hapa na pale, na uso wa Bwana Mfumo ukatokea ukutani, unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Nyuma yake ukuta wa ofisi uligeuka maktaba, kisha bustani. "Programu inalainisha ngozi yenyewe," mshauri alieleza, "na mwanga inaurekebisha yenyewe." Kisha ikaja picha ya eksirei ya mkono, kubwa, nyeupe juu ya weusi. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Samahani," ilisikika sauti kutoka mlangoni. "Huko wanakopokea, wanaona nini?"

Wote waligeuka.

"Wanaona tunachoona sisi," alijibu Bwana Mfumo.

"Mmewauliza?"

Mshauri alitabasamu kwa adabu ya kibiashara. "Mama, programu hii inatumiwa na vyuo vikubwa sana."

"Sikatai, mwanangu. Lakini chuo kikubwa kina mtandao mkubwa. Somo letu sisi linakwenda kwa mtu aliyepanda juu ya kichuguu kutafuta mnara."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mkuu wa chuo alivua miwani, akaiacha ianguke kifuani.

"Unayo nyingine unayoijua wewe?" alimuuliza.

Hakuwa nayo. Mtu mwenye busara angesema hapana, akachukua ngazi yake akaenda zake. Lakini wahenga hawakukosea waliposema mdomo uliponza kichwa. "Nipeni siku kumi," Mama Nyaya alijisikia akisema. "Nitaleta moja, tuzishindanishe."

"Siku kumi," alisema mkuu wa chuo, na kikao kikafungwa.

*

Ofisi ya Mama Nyaya ilikuwa stoo chini ya ngazi za jengo la maabara. Mtu mrefu asingeweza kusimama wima humo. Kulikuwa na rafu ya balbu, boksi la rimoti zisizo na wenyewe, na meza moja yenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya nyingine tatu. Aliketi juu ya kreti, akapiga simu kwa wifi yake.

Wifi huyu, mke wa kaka yake, alikuwa muuguzi kiongozi wa kituo cha afya kilichokuwa mwisho wa barabara, pale ambapo lami inakata tamaa na vumbi linachukua zamu. Walikuwa wamezoeana kwa utani tangu siku ya posa.

"Wifi, nataka unisaidie kazi."

"Kama ni ya kubeba vitu, kaka yako yupo."

"Ni ya macho. Nitakurushia picha kwenye simu yako, wewe niambie unaona nini. Usinionee haya. Ukiona ukungu, sema ukungu."

"Wifi, mimi kukuonea haya wewe nilianza lini?"

Mama Nyaya alikwenda kwa Daktari Kivuli kuomba picha za kujaribia. Mzee alikuwa ofisini, pua inakaribia kugusa skrini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umekuja kunirekodi? Mimi sitaki kuhutubia sanduku. Nikifundisha nataka kuona macho ya watu, nijue nani kaelewa na nani anasinzia."

"Sijaja kukurekodi. Nataka picha ngumu. Zile zenye ufa mwembamba kama unywele."

Hapo mzee alimgeukia. Hakuna aliyewahi kuingia ofisini mwake kuomba picha ngumu; watu wote huomba rahisi. Akampa arobaini za mikono, pamoja na karatasi ya majibu yake.

Programu ya kwanza ilipenda sura za watu kupita kiasi. Uso wa mzungumzaji ulijaza kioo chote cha simu, na eksirei ikasukumwa kwenye pembe, ndogo kama stempu. "Wifi, umependeza," ilikuja ripoti kutoka mwisho wa lami, "lakini huo mfupa nitautafuta kwa hadubini." Ya pili ilimtaka kila msikilizaji afungue akaunti na kupakua mzigo mzito, na bando la wifi yake likaisha kabla mlango haujafunguka. Ya tatu ilifanya vizuri kwa dakika nne, mtandao ukayumba kidogo, ikamtoa nje na kumtaka abishe hodi upya kila mara. Wifi alibisha hodi mara kumi na moja siku hiyo. Hodi ya mwisho aliipiga kwa hasira, akatukana, na wakati huo sauti ilikuwa imesharudi.

Siku ya nne Mama Nyaya aliipata nyingine. Haikuwa na mshauri wala begi la magurudumu. Ilikuwa ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na sura yake ilikuwa ya kijivu, imejaa vitufe kama dashibodi ya lori. Haikujua kufanya lolote bila kuagizwa. Ilibidi uiambie inase dirisha gani la skrini, ichukue sauti ipi, irushe picha ngapi kwa sekunde. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini fundi wa miaka kumi na tisa hufurahi akiona mtambo ambao vitufe vyake viko nje.

Alipoiwasha, ikarusha weusi mtupu.

"Wifi, naona usiku," ilisema simu.

Weusi ule ulimlia siku nzima. Kwenye ukurasa ambako watumiaji wenzake waliulizana maswali, aligundua kwamba kuna njia mbili za kunasa dirisha, na kwamba kompyuta nyingine huikataa njia ya kwanza kimyakimya. Akabadili njia, picha ikaja. Alimwomba Bwana Mfumo nafasi kwenye tovuti ya chuo, ili msikilizaji abonyeze kiungo kimoja tu na kuona, bila akaunti wala hodi. Bwana Mfumo aliinua mabega, lakini nafasi akampa.

Picha ilikuja, ila ilikuja na ukungu. Kingo za mifupa zilikuwa zimelowa, na ufa haukuonekana kabisa. Siku ya sita, ya saba, bado ukungu. Wifi alianza kumwonea huruma, na hilo lilimuuma Mama Nyaya kuliko utani wote.

Siku ya nane, saa ya chakula cha mchana, alikuwa amekaa juu ya kreti akiitazama namba moja kwenye skrini. Thelathini. Programu ilikuwa ikirusha picha thelathini kwa kila sekunde moja. Alikumbuka ujana wake, alipokuwa akipiga video za harusi. Huko ulizihitaji zote thelathini, maana bibi harusi anatembea, mashangazi wanazunguka, kila kitu kinatikisika. Ukipunguza, watu wanarukaruka kama panzi. Lakini hapa? Alitazama mkono ule mweupe uliolala juu ya weusi. Ulikuwa umelala hivyo tangu asubuhi.

"Mfupa hauchezi ngoma," alisema kwa sauti, peke yake ndani ya stoo.

Kwa nini basi mtandao uliochoka ubebe ndoo thelathini zilizojazwa nusunusu, wakati ungeweza kubeba tano zilizojaa hadi ukingoni? Akafuta thelathini, akaandika tano. Uso wa mzungumzaji akautoa kabisa. Sauti akaipa kipaumbele, ili mtandao ukiyumba, picha isubiri lakini maneno yapite. Kisha akapiga simu.

Kuku alisikika akipita karibu na wifi.

"Wifi," ilisema sauti mwishowe, taratibu. "Naona mpaka mistari ya ndani ya mfupa."

"Endelea."

"Na hapa chini ya dole gumba, kuelekea kifundoni... kuna kitu kama unywele. Nimefuta kioo nikidhani ni uchafu. Hakifutiki."

Mama Nyaya alinyanyuka kwa nguvu, akasahau urefu wa stoo yake, na paji la uso likagonga ngazi kwa kishindo. Hakuona maumivu. Alicheka hadi mhudumu wa maabara akachungulia kuuliza kama kuna usalama.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za Daktari Kivuli. Mzee alikubali kujaribu kwa sababu moja tu: aliulizwa kama anaogopa. Kwenye jaribio la kwanza alisimama na fimbo yake ya mwanzi, akawa anauchapa ukuta: "Angalieni hapa! Na hapa!"

"Daktari," alisema Mama Nyaya, "hao wa mbali hawaoni ukuta wala fimbo. Wanaona kilichomo ndani ya kompyuta tu."

"Kwa hiyo nimekuwa nikimchapa nani?"

Alimfanyia mshale wa kipanya uwe duara kubwa la njano linaloonekana hata kwenye simu ndogo. Mzee alilizungusha duara lile juu ya kiganja cha eksirei, kwanza kwa wasiwasi, kisha kwa madaha. Kwa wifi, huo ulikuwa mkono wa thelathini na ngapi sijui. Kwa siku kumi kila picha aliyotumiwa alilazimika kueleza anaona nini, na Mama Nyaya alikuwa akitazama jibu kwenye karatasi ya Daktari na kumwambia amekosea au amepata.

*

Shindano lilifanyika asubuhi, saa nne, kwenye chumba cha mikutano. Mkuu wa chuo aliweka sharti mwenyewe: hakuna kuhukumu kwa kutazama ukutani. Angepiga simu vituo sita, simu iwekwe kwenye spika, na kila kituo kiseme kinaona nini. Daktari Kivuli alichagua picha mpya ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuiona, akaandika jibu kwenye karatasi na kulifunga ndani ya bahasha.

Programu ya mshauri ilianza. Ukutani ilipendeza kama mara ya kwanza. Mkuu wa chuo akapiga simu ya kwanza.

"Naona mkono," kilijibu kituo.

"Umevunjika?"

"Hapo sasa, Mkuu, ni kubahatisha."

Kituo cha pili kilisema picha imekwama. Cha tatu kilisema: "Uso wa Bwana Mfumo nauona vizuri sana, hata ndevu zimechongwa. Lakini huo mkono ni kama umevishwa soksi." Cha nne kilikuwa bado kinafungua akaunti.

Na kana kwamba hayo hayakutosha, juu ya eksirei, mbele ya wajumbe tisa na vituo vyote, kikafunguka kijisanduku cheupe. Ulikuwa ujumbe wa mke wa Bwana Mfumo: *Leo usirudi bila gesi. Na usiniambie ni mfumo.*

Chumba kililipuka. Hata mkuu wa chuo aligeukia dirishani, mabega yakitikisika. Bwana Mfumo aliufunga ujumbe ule huku masikio yamemwiva.

"Inanasa skrini nzima," alisema Mama Nyaya kwa upole, maana hakupenda kumwona mtu akiaibika. "Kwa hiyo lolote linaloingia linarushwa. Yangu inanasa dirisha moja tu la picha. Hata nyumba ikiungua pembeni, wao wanaona mfupa."

Zamu yake ikafika. Aliketi kwenye kompyuta ya chumba kile, si ile ya stoo, akafungua programu yake ya kijivu. Mjumbe mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba inafanana na mita ya umeme. Akabonyeza.

Weusi.

Mshauri alikunja mikono. Mtu aliburuta kiti. Vidole vya Mama Nyaya vilitaka kukimbilia kila kitufe kwa pamoja. Akavizuia. Kompyuta nyingine, kiburi kilekile. Alifungua mipangilio, akashuka hadi mstari wa njia ya kunasa, akabadili ya kwanza kuwa ya pili.

Mkono ulitokea.

"Piga simu, Mkuu," alisema.

Kituo cha kwanza: "Ee! Hii sasa ni picha. Kuna ufa kwenye kidole kidogo." Cha pili: "Kidole kidogo. Na kifundoni, mfupa wa upande wa dole gumba." Cha tatu kiliona ufa mmoja, cha nne nyufa mbili, na cha nne hicho kilikuwa kinatazama kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kikaomba radhi kwamba mwanzoni walihesabu na ufa wa kioo. Cha tano nacho kikasema mbili.

Daktari Kivuli alikuwa amejiegemeza kitini, ametosheka. Akafungua bahasha. "Nyufa mbili," alisoma. "Kidole kidogo na kifundo. Sahihi."

"Bado kituo kimoja," alisema mkuu wa chuo, akapiga simu.

"Tatu," ilisema sauti ya wifi.

"Mbili, binti," Daktari alimsahihisha kwa upole.

"Samahani, Daktari. Shikamoo kwanza. Ya kidole nimeiona, ya kifundo nimeiona. Lakini ipo nyingine, kwenye mfupa mrefu, upande wa kidole kidogo, pale pembeni kabisa ambapo picha inakaribia kukatika. Ni fupi, imelala."

Daktari Kivuli alisimama, akatembea hadi kwenye kompyuta, akainama hadi pua ikagusa kioo. Alikuza picha. Akalisogeza duara la njano hadi pembeni kabisa, pale mfupa unapokaribia kutoka nje ya fremu, akalituliza.

Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mzee aliyefurahi kutoka tumboni.

"Ipo!" alisema. "Jamani, ipo! Nimeipita mimi! Mnajua kwa nini? Nilipopata mbili, jicho langu likakaa chini kupumzika. Miaka thelathini na nne nawaambia wanafunzi, ukipata ulichotafuta, endelea kutafuta. Na leo nimefundishwa mimi." Akaiinamia simu. "Binti, ulisomea wapi kusoma picha?"

"Sijasomea, Daktari. Kwa siku kumi wifi yangu ananitumia mikono tu."

Mkuu wa chuo alimgeukia Mama Nyaya. "Mlikuwa mnatumia wifi ya chuo?"

"Hapana, Mkuu. Wifi yangu mimi. Mke wa kaka."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi maabara. Kura haikuhitajika. Mshauri mwenyewe, akifunga begi lake, alimwomba Mama Nyaya amwandikie jina la programu ile kwenye kipande cha karatasi. Bwana Mfumo alisubiri watu wapungue, akamfuata pale alipokuwa akikunja nyaya.

"Ile tano," alisema. "Picha tano kwa sekunde. Mimi nina shahada mbili na sikuiwaza."

"Ungeiwaza. Ni kwamba hujawahi kupiga video za harusi."

"Nifundishe," alisema. Alivuta kiti, akaketi.

*

Mhadhara wa kwanza ulirushwa Jumatatu iliyofuata. Walikuwa wameandika watu mia mbili, na Mama Nyaya alikuwa ameketi nyuma ya skrini ya pili akiitazama namba ya waliojiunga. Arobaini. Tisini na sita. Mia moja themanini. Ilipofika mia mbili haikusimama hata kuvuta pumzi, ikapanda mia mbili sabini, mia tatu na kumi na moja. Vituo ambavyo havikuwa vimejiandikisha vilipitishiwa kiungo na majirani zao. Bwana Mfumo, aliyekuwa akilinda mtandao upande wa pili wa chumba, alinyoosha vidole vitatu juu kuonyesha mia tatu.

Daktari Kivuli alianza kwa ukakamavu, kama mtu anayesomewa hati ya mashtaka. Akaeleza mfupa wa paja. Akaeleza goti. Kisha akasahau alipo na akatoa mzaha wake wa kila mwaka, ule wa mgonjwa aliyelalamika kwamba eksirei haikutoa tabasamu lake. Akasubiri. Chumba kilikuwa kimya. Uso wake ukaporomoka.

"Hawakucheka," alimnong'oneza Mama Nyaya, amefunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Picha inafika kwao baada ya sekunde kumi na tano, Daktari. Subiri kidogo. Kicheko kiko njiani."

Wakasubiri. Mzee alikuwa ameikazia macho skrini ya ujumbe wa wasikilizaji kama mtu anayengoja maji yachemke. Halafu mstari mmoja ukatokea: *hahaha*. Ukafuata mwingine, na mwingine, kisha mistari ikamiminika juu ya mistari, watu mia tatu wakicheka kwa zamu kutoka kila upande, haraka kiasi kwamba haikusomeka. Kwenye mstari mmoja Mama Nyaya aliwahi kuona: *Daktari, hapa chumba kizima tunalia machozi, hata mgonjwa.*

Daktari Kivuli aliondoa mkono kwenye kipaza sauti. Alijinyoosha, akawa mrefu kuliko alivyoingia. Somo lililopangiwa saa moja lilikwenda saa mbili kasoro dakika tano, na hakuna aliyejiondoa. Maswali yalikuja mia na arobaini. Aliyajibu yote, lile duara la njano likikimbia huku na huku juu ya mifupa.

Mwaka ule waliohitimu kusoma picha walikuwa mia mbili tisini na wanane, badala ya kumi na wawili. Wifi alikuwa wa tatu kwa alama, na kaka alipiga simu kulalamika kwamba siku hizi hawezi kujikwaa nyumbani kwake bila kushikwa mguu na kuchunguzwa. Vituo vitatu vya jirani vilianza kumpelekea wifi picha zao zenye utata, naye akazijibu kabla ya chai ya saa nne. Mama Nyaya alipewa chumba chenye madirisha mawili na kibao cha mlangoni kilichosomeka Mkuu wa Mihadhara ya Mbali, na humo angeweza kusimama wima akanyoosha mikono juu asiguse kitu.

Na Daktari Kivuli, aliyekuwa hataki kuhutubia sanduku, aliomba kipindi cha pili kwa wiki. Alipokubaliwa, aliomba cha tatu. Mama Nyaya alimwambia vipindi vya Jumatano vimejaa, kuna wakunga wanajifunza kusoma picha za mimba, na chuo kingine kimeandika barua kikiomba wafundishwe kurusha.

"Basi Alhamisi," alisema mzee, tayari ameketi kwenye kiti, mkono juu ya kipanya. "Washa, Mama. Watu wananisubiri."